Kuagiza spea za injini ya pikipiki ya Honda CG125 ya zamani bila kubahatisha
Usiagize kwa kufata mwaka ulioandikwa kwenye kadi, CG zimeanza 1976 na nyingi zishabadilishwa injini huko njiani, we sugua grisi uisome namba ya injini yenyewe, ipige picha. Namba ya spea ya Honda ina mafungu matatu: la kwanza ni kitu gani, la kati modeli kilichotengenezewa mwanzo, la mwisho toleo. Mfano 13101 ni pistoni standadi (milimita 56.5), 13102 ni ovasaizi (kubwa kidogo kuliko standadi, ya silinda iliyochongwa) ya milimita 0.25, 13103 ya 0.50. Kwa hiyo fundi apime silinda juu, kati na chini ndo ulipe, na tafadhali sana silinda isichongwe mpaka pistoni iwe mkononi, ichongwe kwa kipimo cha hiyohiyo.