Kuaga Nyumbani Kuna Siku Zake

Tiketi yangu ya kurudi Marekani baada ya likizo ilisema tarehe 14, 03:30. Nikampigia mdogo wangu: "Naondoka tarehe 14, saa tisa na nusu usiku." Naye akautangazia ukoo mzima. Sasa kwetu Muheza, ukimwambia mtu tarehe 14 usiku, anajua jua la tarehe 14 litachomoza, litazama, ndipo huo usiku uje. Basi shangazi akafunga safari kutoka Pangani na mkeka alionisukia mwenyewe, ukili mpaka kushona, akafika nyumbani tarehe 14 baada ya adhuhuri. Saa hiyo mimi nilikuwa uwanja wa ndege wa Istanbul, nanunua chai kwa bei ya kuku mzima.

Shangazi hakununa. Alikaa barazani, akaomba maji, akasema, "Kumbe mtoto ameshakwenda." Mdogo wangu aliponisimulia nilitamani dunia ipasuke. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa huku Ohio akiniambia anakwenda nyumbani, kabla sijamuuliza nauli namuuliza: umewaambia unaondoka lini, na umesemaje?

Sema "usiku wa kuamkia". Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, hapo hakuna atakayekosea. Tena bora zaidi, usiwatajie saa ya ndege kabisa, watajie siku unayotoka nyumbani. Ndege nyingi za Ulaya na Uturuki huondoka Dar es Salaam usiku, na wewe kama unatoka Tanga, Moshi au Songea ni lazima uwe umelala Dar angalau siku moja kabla, kwa sababu basi likiharibika Chalinze hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo kama ndege ni kuamkia Jumanne, mimi natoka Muheza Jumapili asubuhi, na watu nawaambia: "Mwisho wa kuniona ni Jumamosi alasiri." Wanaokuja, wanakuja.

Lakini kuaga hakuanzi Jumamosi hiyo. Kunaanza wiki ya kwanza, wakati bado unanuka ndege. Kwanza nenda kwenye misiba uliyoikosa. Sisi wabeba boksi, tunaofanya kazi ughaibuni, tunapata habari za vifo kwa simu, tunatuma rambirambi kwa M-Pesa, tunaona tumemaliza. Aliyefiwa haoni hivyo. Anangoja akuone umekaa kwenye kochi lake, umempa mkono wa pole, umemsikiliza akieleza tena jinsi marehemu alivyoamka vizuri tu siku ile. Kaa. Usitazame saa. Uliza kaburi liko wapi, mwende. Mwaka mmoja niliipanga ziara ya namna hii kwa mjomba wangu siku ya mwisho kabisa, nikamkuta amekwenda Korogwe. Nikasema nitamwona safari ijayo. Safari iliyofuata nilionyeshwa kaburi. Siku hizi kuwaona wagonjwa na wazee nakumaliza ndani ya siku tano za kwanza, halafu nikipata nafasi nawarudia.

Jambo la pili ni mazungumzo mazito na mzazi, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunayaweka usiku wa mwisho. Mzazi akisikia mtoto anaulizia hati ya shamba na dawa za presha usiku wa kuamkia safari, hofu inamwingia: huyu ananiaga buriani nini? Hatalala, na wewe hutapata jibu la maana. Yaweke katikati ya likizo, tena mkiwa na kazi mkononi. Mimi na mama tulikuwa jikoni, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Nikauliza kama napita tu. Hakuinua macho. Akasema, "Hati iko kwenye sanduku, chini ya kanga za harusi. Shamba la bondeni la mdogo wako, lile la machungwa mtagawana." Akaendelea kukuna. Dakika mbili, na jambo nililoliogopa miaka sita likawa limekwisha.

Ukishajua, fanya yafuatayo ukiwa bado uko nchini. Piga picha kadi ya kliniki na majina ya dawa, kila upande wa kasha. Kama kuna kiwanja au nyumba inayohitaji saini yako, nenda kwa wakili uandike hati ya kumpa ndugu unayemwamini mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Ukiisubiri mpaka urudi, ni notari wa jimbo, ni bahasha za kwenda ubalozini Washington, ni wiki zinapita na mnunuzi anakata tamaa. Hakikisha laini yako ya simu ya Tanzania imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na uwe unaitumia hata kwa kuongeza salio, kwa maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na pesa yako ikiwa ndani. Mwachie mtu mmoja, si watatu, jukumu la kumpeleka mzazi kliniki. Ukiwaachia watatu, kila mmoja atajua mwenzake amempeleka.

Pesa za kuaga zina hesabu yake, na aibu yake. Kila mlango unaougonga kuaga una mkono. Hakuna anayekudai, lakini wewe mwenyewe utajisikia vibaya kumwacha bibi yule aliyekulea bila hata ya sukari. Tatizo ni chenji. Unatoka mjini na wekundu wa Msimbazi watupu, noti za elfu kumi, unafika kwa jirani wa sita huna kitu. Wiki moja kabla nenda ukavunje: elfu tano tano na elfu mbili mbili, ziweke kwenye bahasha. Andika orodha kwenye daftari, piga mstari, na usiongeze jina mtu akishakulilia njiani. Na tafadhali, usiahidi chochote ukiwa unaaga. Machozi yakiwa karibu mtu huahidi hata bati za nyumba nzima. Wewe utasahau ukishapanda ndege, mwenzako ataanza kuchimba msingi.

Mizigo nitaipitia haraka. Ndege za Marekani mara nyingi hukupa mabegi mawili ya kilo 23, lakini angalia tiketi yako. Pima nyumbani. Sisi tulipeleka begi kwenye mashine ya kusaga, mzani wa magunia ukasema 27, vijana wakacheka. Mama alikuwa ameficha machungwa kwenye viatu vyangu. Machungwa ya Muheza ni matamu, lakini matunda mabichi na nyama havipiti forodha ya Marekani. Dagaa wakavu, viungo vya pilau na kahawa iliyokwisha kukaangwa kwa kawaida hupita, ila chochote cha kuliwa kitangaze kwenye forodha. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa wanakichukua tu. Ukificha wakakuta, ni faini, na yaweza kuwa mamia ya dola. Pakia kwenye makopo, kwani mifuko ya plastiki Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Yale machungwa tulikaa tukayala palepale mashineni, mimi, mama na mwenye mashine.

Sasa usiku wenyewe wa mwisho. Ushauri wangu: wageni wote wawe wameondoka ikifika magharibi. Baada ya hapo ni wa nyumbani tu. Chakula kiwe cha kawaida, si sherehe. Mama alipika bada, ugali wa muhogo, kwa samaki, nilichokuwa nakila nikitoka shule. Alfajiri akafukiza ubani kidogo, akanikalisha chini ya miguu yake, akanisomea dua, akaniwekea kiganja utosini. Kilikuwa kikavu, kina harufu ya nazi. Nikasema, "Mama, niwie radhi." Akajibu, "Radhi zangu unazo, mwanangu. Na mimi unisamehe." Nyumba za Kikristo watakuwa na sala yao. Muhimu ni kwamba jambo hili lifanyike nyumbani, mmekaa, hakuna anayepiga honi. Niliwahi kuliacha jambo hili mpaka uwanja wa ndege, na pale nje ya jengo la tatu la Julius Nyerere, kati ya mikokoteni na madereva wa teksi, hakuna mama anayeweza kumsomea mtu dua ikaeleweka.

Ndiyo maana nasema usisindikizwe na umma. Safari yangu ya kwanza walikuja ndugu kumi na mmoja ndani ya gari moja aina ya Noah. Tulikwama foleni ya Barabara ya Nyerere, watoto wakataka kwenda chooni, shemeji akazimia kwa joto. Siku hizi ananipeleka binamu mmoja asiyelia, tena anayejua njia za mkato za Temeke. Watoto wangu waliozaliwa huku nawapa kazi siku hiyo: mmoja anashika pasi za kusafiria, mwingine anahesabu mabegi. Mtoto asiye na kazi ndiye anayening'inia shingoni kwa bibi yake.

Ukirudi, usiingie kazini kesho yake kama unaweza. Mimi nahudumu kwenye nyumba ya wazee. Safari ile nilirudi Jumatano, Alhamisi nikawa namlisha bibi wa watu uji wa shayiri, nikashindwa kumaliza kijiko. Maliza pia dawa za malaria kama ulivyoelekezwa: zile za Malarone zinaendelea siku 7 baada ya kutoka huko, doxycycline wiki 4. Kinga tuliyokua nayo utotoni hupungua tukikaa huku, na watoto wetu hawana kabisa. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, nenda siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe "nimetoka Tanzania", la sivyo ataandika mafua.

Halafu pangeni saa ya simu. Kiangazi Tanzania iko mbele ya Ohio kwa saa saba. Mimi hupiga saa moja asubuhi kabla ya kuingia zamu, kwao ni saa nane mchana, mama yuko barazani juu ya ule mkeka wa shangazi. Lakini mwezi wa Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa nane. Mwambie mapema. Wangu hakuambiwa, akakaa na simu mkononi saa nzima, na nilipompigia alipokea kwa kuuliza nimelazwa hospitali gani.