Utupa: dawa ya maharage, sumu ya mto

Ndugu mkulima, jani la mti wa utupa linalokuondolea vidukari kwenye maharage ndilo lile lile ambalo wazee walilitwanga na kulitia mtoni, samaki wakaelea. Uvuvi wa sumu sheria imeupiga marufuku, lakini jani halijabadilika. Ndani yake mna sumu iitwayo rotenoni na jamii zake, ambazo huzuia chembe za mwili zisitumie hewa. Samaki huipata haraka kupitia matamvua, na kiasi kidogo tu kinatosha kumuua.

Kwa hiyo anayesuuza bomba la mgongoni kwenye mfereji, hata akisema dawa yake ni ya asili, anaua samaki wa walio chini yake. Maji ya kusuuzia yamwage humo humo shambani. Kando ya mto acha ukanda usiopulizia, na kama kuna bwawa la sato jirani, upande huo utupa usiufikishe kabisa.

Kwako wewe cha kuogopa zaidi ni vumbi. Nimeona majani makavu yakitwangwa kinuni na mama mwenye mtoto mgongoni, bila hata kitambaa puani! Rotenoni inayovutwa na pumzi ni kali kuliko inayomezwa, na watafiti wameihusisha na Parkinson, ugonjwa wa mwili kutetemeka. Marekani siku hizi inaruhusiwa kwa kuulia samaki wasiotakiwa tu. Funika pua na mdomo, vaa glavu, watoto wakae mbali, na kinu hicho kisirudi jikoni.

Kausha majani kivulini. Unga kilo 1, maji lita 10 na sabuni kidogo, kwa kuwa sumu hii haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Loweka usiku kucha, chuja. Pulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani na jua halipo la kuidhoofisha dawa. Jua hilo hilo ndilo linaloivunja isikae muda mrefu, na majaribio ya kaskazini mwa Tanzania yalikuta buibui na mdudu kobe, walaji wa vidukari, wanasalimika zaidi kuliko kwenye dawa za viwandani. Hata hivyo, majani ya maharage usiyachume kwa mboga kabla ya wiki moja.

Jambo moja zaidi: kuna utupa usioua kitu. Watafiti waligundua Malawi kwamba baadhi ya miti haina rotenoni, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Jaribu kwanza majani ya mti mmoja kwenye mstari mmoja wenye vidukari; wakifa, chukua mbegu kwenye mti huo.