Kusimamia timu ya mataifa mengi Goma: hatua za mwezi wa kwanza

Mwongozo huu ni wa msimamizi mpya katika shirika la kimataifa hapa Goma: Mkenya aliyeletwa kushika fedha, Mfaransa wa mradi wa maji, hata Mkongomani wa Kinshasa ambaye hajawahi kufanya kazi Kivu. Nashughulika na mambo ya wafanyakazi, na kila anapofika shefu mpya nasikia maneno yaleyale: "hawa watu hawasemi", "hawa watu wanaficha". Mengi yanayoitwa utamaduni yanatoka kwenye kontra (mkataba wa kazi), lugha ya kikao, na swali la nani ataondolewa mjini siku ya hatari. Anza na hayo, maana hayo yako mikononi mwako.

Hatua ya 1: Soma kontra za timu yako

Omba orodha yenye aina ya kontra na tarehe ya kwisha. Utakuta wengi wana CDD, yaani kontra ya muda maalumu inayofuata fedha za mfadhili. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, hairuhusu CDD kupita miaka miwili. Mtu ambaye kontra yake inaisha Desemba, na wewe ndiye utakayetia saini ya kuirefusha, hatasimama mbele ya watu kukuambia mpango wako una kasoro. Hata Nairobi au Lyon angenyamaza.

Angalia pia vibarua wa kutwa. Aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na kontra isiyo na kikomo. Mgeni hulipita hili bila kujua.

Hatua ya 2: Panga lugha ya kila kikao

Ripoti ni za Kifaransa, makao makuu yanaandika Kiingereza, na korido zote zinaongea Kiswahili. Mimi hupanga hivi: ajenda inatumwa jana yake kwa Kifaransa, mjadala unafanyika kwa Kiswahili, maamuzi yanaandikwa ubaoni na kusomwa kwa sauti kabla mtu hajatoka. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wasidhani Kiswahili kimemaliza kila kitu. Hapa tarakimu na tarehe tunazitaja kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, na wao wanazitaja kwa Kiingereza. Kila idadi na kila tarehe ya mwisho iandikwe ubaoni.

Na tafadhali, yule kijana wa lojistiki anayejua Kiingereza usimfanye mkalimani wa kudumu. Atabeba maneno ya wengine siku nzima, yake yatapotea, na uamuzi ukiwaudhi watu lawama zitamwangukia yeye.

Hatua ya 3: Uliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo"

Ukiuliza, "Kuna tatizo na ugawaji wa Alhamisi?" utajibiwa, "Hapana shefu, iko sawa." Uliza: "Gari linaondoka na nani? Ufunguo wa depo uko kwa nani? Barabara ya Sake ikifungwa tunafanya nini?" Elekeza swali la barabara kwa dereva, kwa sababu ndiye anayeijua. Maoni yako yaweke mwishoni. Shefu akishasema analotaka, kikao kimekwisha. Maswali magumu yatume siku moja kabla ili watu wajadiliane wenyewe kwanza.

Hatua ya 4: Kosa liseme ana kwa ana, kabla ya barua pepe

Hapa ndipo wageni wengi huharibu uhusiano ndani ya wiki moja. Katika ofisi za Kongo, kumtaka mtu maelezo kwa maandishi ni mwanzo wa adhabu. Inaitwa demande d'explication na inaingia kwenye faili lake. Wewe unaandika mstari mmoja, "tafadhali eleza kwa nini rapo (ripoti) imechelewa", unamweka mkurugenzi kwenye nakala, unaendelea na kahawa yako. Mwenzako anakwenda nyumbani akijua anafukuzwa.

Nenda kwenye meza yake, au mtoke nje kidogo. Salamu kwanza, na usiikimbize. Kisha kosa lenyewe, kwa sentensi moja:

"Papa, jambo. Habari ya nyumbani? … Ile rapo ya Sake, kurasa mbili za mwisho hazina saini za wapokeaji. Ilikuwa je?"

Halafu nyamaza umsikilize. Mkikubaliana tarehe ya kurekebisha, hapo ndipo utume ujumbe mfupi wa kukumbushana, bila nakala kwa mtu. Demande d'explication ibaki kwa kosa zito, na umwambie kwa mdomo kabla karatasi haijamfikia.

Hatua ya 5: Weka utaratibu wa kilio

Sheria inatoa siku 4 za kazi kwa kifo cha mwenzi wa ndoa, mzazi au mtoto, na siku 2 kwa ndugu, babu au bibi. Mjomba hayumo, na huenda ndiye aliyemsomesha. Kaa na wajumbe wa wafanyakazi mwandike mapema mtafanyaje kwa wasiotajwa. Wewe mwenyewe fika kilioni, ukae hata saa moja.

Hatua ya 6: Sema wazi nani anaondolewa

Mei 22, 2021 Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji, ulilipuka, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini. Katika mashirika mengi, mpango wa kuondoa watu unawahusu wafanyakazi wa kimataifa na waliohamishwa kutoka mikoa mingine; walioajiriwa hapahapa wanabaki. Timu yako inalijua hilo vizuri, inangoja kuona kama utathubutu kulitamka. Litamke wiki ya kwanza, kwa Kiswahili, kisha pigania yanayowezekana: mshahara wa kutangulizwa, vocha za simu, ruhusa ya kupeleka familia Bukavu au Gisenyi bila kuomba barua. Na kwenye mpango wa usalama iandikwe kwamba sentineli (mlinzi) hatakiwi kubaki kulinda depo risasi zikianza.