SOMO: Kufufua tangi la samaki la ndugu yako bila kuua samaki waliomo

Wakuu, salaam. Swali ni lile lile kila wiki: "Mjomba ana tangi la samaki, maji yamekuwa kijani, halijaguswa tangu mwaka juzi, nianzie wapi?" Nimechoka kuandika jibu moja kwa kila anayenifuata inbox. Naliweka hapa.

Mfano wangu ni tangi la shangazi, Tabata: lita 120, goldifishi wawili wazee, filta ya ndani inayokoroma lakini bado inavuta.

1. Toa samaki waliokufa na majani yaliyooza. Basi, usiguse kingine.

2. Chomoa umeme kabla ya kuingiza mkono. Ukirudisha, waya uning'inie chini ya soketi kisha ndio upande, tone likishuka lidondokee sakafuni.

3. Chakula mara moja kwa siku, kile cha kuisha ndani ya dakika mbili. Shangazi atasema unawatesa. Vumilia.

4. MAJI. Hapa ndipo watu wanapoua samaki, na mimi nimo. Usimwage maji yote. Hata yakinuka, usimwage yote. Tangi lililokaa muda mrefu linajaa nitrati (mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki) na pH inashuka (kipimo cha uchachu: ikishuka, maji yamechacha), na samaki wamezoea hali hiyo polepole. pH ikiwa chini, amonia, ile taka wanayoitoa, inakaa kama amoniamu, ambayo haiwadhuru sana. Mimina maji mapya mengi yenye pH ya juu, na amoniamu hiyo inageuka amonia ya sumu hapo hapo. Jioni maji yanang'aa, unapiga picha unamtumia shangazi. Asubuhi wanaelea tumbo juu.

Kwa hiyo: toa ndoo moja ya lita 15, rudisha lita 15. Subiri siku mbili tatu, rudia. Endelea hivyo wiki tatu hivi. Kila unapotoa, fyonza uchafu wa kwenye kokoto kwa mpira wa maji, upande mmoja tu kwa siku, maana ukikoroga chini kote unatibua uozo wote kwa mpigo. Maji ya bomba ya DAWASA yatie dawa ya kuondoa klorini (ile ya kuua vijidudu), au yaache kwenye ndoo wazi saa 24. Ndoo ifunike kwa kipande cha chandarua, mbu wa dengi wanapenda maji safi yaliyotulia.

5. Filta. Sponji ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. SIYO bombani, SIYO kwa sabuni. Ule ute wa kahawia una bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ukiua bakteria hao, umerudi sifuri. Ila kama filta imezimwa kwa miezi, usiiwashe hivyo hivyo, itatapika uozo. Hiyo ioshe sana, kisha uhesabu kwamba bakteria wanaanza upya, na watachukua mwezi au zaidi.

6. Mwani wa kwenye kioo ukwangue kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Ile chokaa nyeupe ya juu ya mstari wa maji, kitambaa chenye siki, wakati maji yako chini.

7. Jua la dirishani ndilo linalolisha mwani. Weka pazia. Usisukume tangi likiwa limejaa: lita 120 ni kilo 120, bado kioo na kokoto.

8. Samaki wapya baadaye.

MASWALI

Mzee wa Mbezi: Mkuu, sijasoma yote. Nikimwaga nusu tu inafaa?
— Soma namba 4.

Mzee wa Mbezi: Ila fundi wa dukani kaniambia kila wiki nimwage yote nioshe na kokoto.
— Na samaki wa kujazia unanunua kwa nani?

MamaTwins: Asante kwa somo. Huku kwetu umeme unakatika hata kwa muda wa saa sita. Hao bakteria wanaishi?
— Swali zuri sana, nilipaswa kuliweka juu. Wanahitaji oksijeni kama samaki. Maji yakisimama ndani ya filta iliyofungwa, wanaanza kufa. Itoe sponji uiache ielee kwenye tangi. Ukiwa na pampu ya hewa ya betri, iwashe. Huna? Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Kigamboni_Fresh: Maji yetu ya kisima yana chumvi kidogo.
— Gapi, wale visamaki vidogo vya rangi, watastahimili vizuri kuliko goldifishi. Na wasikudanganye kwamba yanafaa samaki wa Ziwa Tanganyika au Nyasa. Hao wanapenda maji magumu yenye pH ya juu, siyo chumvi ya mezani.

Mpemba asili: Unguja kuna visamaki vya rangi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wanakwenda wapi?
— Wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Nothobranchius guentheri hao, wa Unguja. Ukitaka kuwafuga fungua uzi mpya, nitakuja na maneno mengi.

MamaTwins: Na maji machafu unayotoa?
— Mwagia mchicha. Nitrati ni mbolea. Ila siyo kama umetia chumvi au dawa ya samaki.

Mzee wa Mbezi: Naweza kuweka sato humo?
— Mkuu, sato anakua mpaka saizi ya sinia. Hapana.