SOMO: Dallas hadi Los Angeles kwa gari kupitia jangwani (soma kabla ya kuniuliza)

Wakuu, kila ukifika mwezi wa sita watu wananifuata na swali lile lile. Naandika mara moja tu.

Njia: barabara kuu ya I-20 kutoka Dallas, inaingia barabara kuu ya I-10 kabla ya Van Horn, halafu El Paso, Las Cruces, Tucson, Phoenix, Blythe, Los Angeles. Kama maili 1,400. Siku tatu kwa raha, mbili kwa ubishi.

Hatua ya 1. Oili, maji ya rejeta, mkanda. Fundi anajua.

Hatua ya 2. Maji ya kunywa, galoni moja kwa kila mtu kwa siku.

Hatua ya 3. Ukipita Pecos, tanki likifika nusu jaza.

Hatua ya 4. Matairi. Hapa ndipo nilipoharibu. Kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinasema upepo uwe PSI 33 (PSI ndiyo kipimo cha presha ya tairi). Nikapima Van Horn saa nane mchana, lami inachemka, nikakuta 40. Nikajiona mjanja, nikapunguza upepo hadi 33. Kumbe 33 ile ni ya tairi lililopoa! Tukalala Las Cruces, alfajiri tukaondoka na matairi yaliyolegea, watu watano na mabegi. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko na kujipika lenyewe. Tulipopita Lordsburg la nyuma likapasuka tukiwa maili 75 kwa saa. Spea ilikuwa chini ya mizigo yote, kwa hiyo sufuria za mama mkwe zilianikwa kando ya I-10. Basi: pima asubuhi kabla gari halijatembea. USIPUNGUZE upepo tairi likiwa la moto. Na spea ipime pia, yangu ilikuwa imelala.

Hatua ya 5. Ukuta wa vumbi ukikujia, toka nje ya barabara kabisa, zima taa zote, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa, wa nyuma atazifuata akidhani ndiyo barabara.

Hatua ya 6. Magharibi ya Las Cruces kuna kizuizi cha uhamiaji. Beba green card yenyewe, si picha kwenye simu.

MASWALI

Kijana wa Irving: Mkuu ndefu sana hii. Maji si nitanunua njiani?
– Hatua ya 2.

Dereva Mkongwe: Nimepita huko mara tatu, sijawahi kupima upepo na sijapata pancha.
– Hongera. Mimi nimepita mara sita na nimepasukiwa moja. Ile moja ndiyo ninayoifundisha.

Mama Neema: Kaka, kwa nini presha inapanda yenyewe wakati hakuna aliyejaza?
– Swali zuri, dada. Hewa ikipata joto inataka kutanuka, na tairi limeibana. Kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit presha inapanda kama PSI 1. Waliotengeneza gari wameshalipigia hesabu joto hilo. Mkipata nafasi, kutoka Las Cruces kateni kwenda White Sands, kama maili 50. Mchanga mweupe ule ni jipsamu, jamii ya ile ya dari za nyumbani, haushiki joto, watoto wanacheza pekupeku. Ulizia siku moja kabla, jeshi likijaribu makombora barabara inafungwa.

Mama Neema: Ahsante. Na machungwa ya watoto?
– Yaliwe kabla ya Blythe. California wana ukaguzi wa matunda mpakani.

Shangazi Houston: Gandisheni chupa za maji usiku, ziwe barafu ya kuchukulia sambusa. Zikiyeyuka mnakunywa.
– Hii naiongeza hatua ya 2.

Kijana wa Irving: Mkuu, sasa upepo nijaze ngapi?
– Fungua mlango wa dereva.