Kuhama na maua ya ndani bila kuyapoteza njiani (kwa sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa)

Watu wengi wakihama wanapanga kila kitu, kabati, friji, tv, halafu maua wanayakumbuka gari limeshajaa, basi yanatupiwa juu ya godoro kule nyuma na safari inaanza. Kwa huku kwetu hapo ndo maua mengi yanapoishia. Maua ya ndani karibu yote asili yake ni sehemu za joto, hayajazoea upepo wa Makambako yakiwa juu ya Canter iliyo kwenye mwendo. Kutikisika kwa barabara ua linavumilia vizuri tu, kinacholiua ni baridi na upepo njiani, halafu mkishafika ni yale maji unayolimwagia kwa kulionea huruma. Nitakazania hayo mawili.

Tuanze na tarehe. Kama unaweza kuchagua usihame na maua mwezi wa sita na wa saba, maana usiku Mbeya mjini joto linashuka chini ya nyuzi 10 na Njombe ndo usiseme, na maua mengi ya ndani yakikaa chini ya nyuzi 10 majani yanakuwa meusi na kulegea, hayo hayarudi tena. Kama kodi imeisha na huna jinsi basi saa ya kutoka ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Madereva wengi wanapenda kuondoka saa kumi alfajiri ili wawahi mzigo wa kurudi nao, sasa ongea naye mapema, mwambie "kaka naomba tutoke saa tatu jua likishapanda, nina maua humu", na umwambie kabla hamjakubaliana bei sio asubuhi ya safari.

Wiki mbili kabla, geuza majani uangalie chini yake. Ukiona vidudu vyeupe vimekaa kama pamba au utando mwembamba wa utitiri, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, rudia baada ya siku kadhaa, kwa sababu kwenye gari maua yanabanana na mdudu wa kwenye ua moja atahamia kwenye yote. Angalia na chini ya vyungu, konokono na sisimizi wanapenda sana kukaa huko.

Vile vyungu vya saruji vizito, ushauri wangu viache au uza. Toa ua na udongo wake, liweke kwenye kiroba au ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, ila fanya hizo wiki mbili kabla ili mizizi ishike, usifanye jana ya safari. Na kwa mani planti wala usihangaike kubeba mti mzima uliozunguka ukuta wote, kata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, weka kwenye chupa ya maji, vitatoa mizizi pale pale kwenye kifundo na utaanza upya.

Maji acha kumwagilia siku mbili tatu kabla ya safari. Udongo mkavu kidogo ni mwepesi, haumwagiki kwenye godoro la watu, na mizizi iliyolowa ikipigwa baridi inaoza haraka. Alovera na sneki planti zinaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila tatizo, na zizi planti ndo kabisa, ile ina viazi chini ya udongo vinavyotunza maji na asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Fani na pisi lili ndo usizikaushe sana, ziwe na unyevu tu.

Kufunga sasa. Kitu kizuri kuliko maboksi yote ni tenga la nyanya. Nenda sokoni, Mwanjelwa au kama upo Iringa muulize anayeleta nyanya za Ilula, matenga yaliyotumika yapo na hayana bei. Tenga linapitisha hewa, limekaa imara, na unaweza kulifunga kamba bila kubonyea. Panga vyungu ndani, halafu nafasi za katikati jaza maranda ya mbao, ambayo ukanda huu wa Mafinga na Sao Hill hayajawahi kuwa shida, au magazeti yaliyokunjwa. Jaribu kutikisa tenga kwa mikono miwili, chungu kikigonga kingine ongeza maranda mpaka kimya. Juu ya udongo wa kila chungu weka gazeti ulizungushie shina, bana na seloteipu, hata kikilala udongo haumwagiki.

Miti mirefu kama mpira, kusanya matawi kwa kuyainua juu taratibu na uyafunge na khanga kuukuu, usitumie kamba ya manila moja kwa moja kwenye shina maana inachubua. Sneki planti unaweza kuilaza kabisa. Daifenbachia na yale yenye utomvu mweupe waambie vijana wanaobeba wasishike macho wala mdomo kama tawi limevunjika mpaka wanawe, ule utomvu unawasha vibaya sana na mtoto akitafuna jani la daifenbachia mdomo unavimba.

Kwenye gari maua yanapakiwa mwisho na kushushwa mwanzo, lakini mwisho haimaanishi mkiani. Mwambie anayepanga mzigo aache nafasi nyuma tu ya kabini, pale upepo haufiki sana, kisha turubai lipite juu bila kugusa majani. Tenga la pembeni lizungushie blanketi. Usifunike maua kwa nailoni nyeusi, jua likiwaka yanapikika humo ndani. Yale unayoyapenda zaidi kaa nayo mbele umeyapakata, ila usiyaweke sakafuni, kirikuu na Canter injini ipo chini yenu na lile joto linakausha mizizi. Vayoleti, ambayo kwao ni Usambara hapa hapa Tanzania, ndo ya kupakata kwanza, baridi inaiumiza haraka na tone la maji baridi kwenye jani linaacha doa.

Ukitoka Mbeya kwenda Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na hali ya hewa inabadilika kama umevuka nchi. Chimala mpaka Igawa ni joto la Usangu, mkisimama kula hakikisha gari lipo kivulini na fungua turubai kidogo lipumue. Mkianza kupanda kuelekea Makambako funga tena vizuri kabla hamjafika, sio mkishafika. Kama unahamia Zambia au Malawi hiyo ni habari nyingine, Tunduma na Kasumulu mmea unatakiwa uwe na cheti cha afya ya mimea, nenda mapema kwa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, uulizie.

Mkishafika toa maua kwanza, fungua khanga na magazeti siku hiyo hiyo, weka kivulini sehemu isiyo na upepo wa mlango. Usimwagilie kwa sababu majani yamelegea. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, ukihisi unyevu acha kabisa hata kama roho inauma. Majani machache kudondoka wiki za kwanza ni kawaida, hasa fikasi, inabwaga majani hata ikisogezwa tu chumba. Usibadilishe chungu kwanza, usiweke mbolea, na sneki planti kipindi cha baridi maji mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha.

Dirisha nalo lina mambo yake. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanasema weka dirisha la kusini. Sisi tupo kusini ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndo linaingiza jua, na la kusini linapata kidogo kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa kwanza. Kaa siku chache kwenye nyumba mpya uone mwanga unaingilia wapi halafu usogeze maua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, ukiliweka ghafla juani jani linaungua. Usiku wa baridi yatoe karibu na kioo. Na jamani jiko la mkaa usiliingize ndani eti chumba kipate joto na maua yapone, ile hewa inaua watu wakiwa wamelala.

Ukiona jani jipya limeanza kuchomoza ujue mizizi imekubali, subiri tena kama mwezi hivi ndo uweke samadi iliyooza vizuri, kiganja kimoja kwa chungu cha kati, na chungu kikubwa zaidi kama kinahitajika.