Klachi ya visu inapiga kelele au inateleza? Sikio kwanza, spana baadaye

Klachi ninayoizungumzia hapa ni ile ya umeme, inayokaa chini ya injini kwenye krankshafti (shafti kuu ya injini) ya trekta dogo la kukatia nyasi, unawasha swichi unasikia "tak!" visu vinaanza kuzunguka. Kama yako ni ya mkono, yaani unasukuma lever inakaza mkanda, we angalia mkanda, springi na kebo tu, sehemu kubwa ya haya hayakuhusu.

Niseme ukweli, mimi mwenyewe nilishawahi kufungua klachi nzima nikaweka mpya kwa sababu ya kelele, nimewasha mashine, kelele ipo palepale! Kumbe ilikuwa beringi ya ile puli ndogo inayokaza mkanda kwenye deki (lile bati kubwa linalofunika visu), kidude cha kushika kiganjani. Ndo nikaanza kujifunza hii kitu inavyofanya kazi, na ukishaielewa wala huhitaji vifaa vingi.

Iko hivi. Ndani kuna koili, hii haizunguki kabisa, imezuiwa. Kuna rota, imefungwa kwenye shafti kwa hiyo inazunguka muda wote injini ikiwaka. Halafu kuna sahani yenye puli ya mkanda, na bati la breki. Ukipeleka umeme wa volti 12 kwenye koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani inagandana na rota vinazunguka pamoja. Ukikata umeme, springi zinairudisha sahani inabanwa kwenye breki, visu vinasimama ndani ya sekunde chache. Kwenye hizi nyingi kuna beringi mbili, moja kati ya koili na rota, nyingine kati ya rota na puli, na hapo ndo siri yote ya kelele ilipo.

Washa injini, visu vizime, sikiliza. Halafu washa visu, sikiliza tena. Kama inanguruma visu vikiwa vimezimwa halafu ukiwasha visu inanyamaza, hiyo ni beringi ya puli, kwa sababu visu vikizimwa puli imesimama huku katikati yake kunazunguka, beringi inafanya kazi, ila klachi ikishika vyote vinaenda pamoja beringi inapumzika. Watu wengi wanadhani ni kinyume chake. Kama kelele ipo muda wote, uwashe visu usiwashe, shuku beringi ya koili, au injini yenyewe. Na kama kelele inakuja pale tu unapowasha visu, iache klachi kwanza nenda kwenye deki: beringi za spindeli (shafti zinazobeba visu), puli za kukazia mkanda, mkanda uliochanika, au bledi iliyopinda inayotikisa mashine nzima. Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi ya injini, vua mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Iliyoharibika utaisikia kwenye vidole, inakwaruza kama ina mchanga.

Kuna na kelele ya kugongagonga, kata-kata-kata, hasa injini ikiwa spidi ndogo. Angalia pale koili inapozuiwa isizunguke, kuna kikono au bati lenye nafasi limeingia kwenye pini. Inatakiwa iwe na uhuru kidogo, usiifunge ikakaza kabisa, utaipa beringi mzigo wa kuiua mapema. Ila nafasi ikilika sana ndo inagonga, na kikono kikikatika koili itazunguka pamoja na shafti, itanyofoa waya zake kama uzi. Pia jaribu bolti kubwa ya katikati, ikiwa imelegea klachi inacheza kwenye shafti inakula kipini (ile "key" inayoifungia klachi kwenye shafti) na shafti yenyewe, na hiyo sasa ni kesi ya injini siyo ya klachi tena. Ikaze kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako, siyo kwa hasira.

Kuteleza sasa. Kwanza jua nani anateleza, mkanda au klachi. Mkanda ukiteleza unapiga yowe na kunuka mpira ulioungua, na ukiuangalia pembeni unang'aa kama kioo. Klachi ikiteleza inanuka kama breki ya gari iliyoungua, utaona vumbi jekundu la kutu pembeni yake na chuma kimegeuka bluu kwa joto. Na kabla hujalaumu yeyote hakikisha hakuna spindeli iliyokwama wala nyasi mbichi zimejazana chini ya deki, maana hapo hata klachi mpya itashindwa.

Halafu kuna ule ugonjwa maarufu, asubuhi inashika vizuri, baada ya nusu saa ya kukata visu vinalegea au vinazima vyenyewe, ukiiacha ipoe inarudi. Mara nyingi hapo klachi haijafa. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda: koili ya ohm 3 kwenye volti 12 inavuta ampea 4, ikipanda joto kwa nyuzi 80 inafika karibu ohm 3.9 na umeme unashuka hadi kama ampea 3. Sumaku inapungua nguvu, na kama nafasi kati ya sahani na rota imeshaongezeka kwa kulika basi haiwezi tena kuivuta. Kwa hiyo pima umeme, pima nafasi, kununua baadaye.

Umeme: injini ikiwa imezimwa, ufunguo kwenye on, swichi ya visu imewashwa (mashine nyingi lazima mtu akae kwenye kiti, mwite mwenzako), pima volti kwenye betri halafu kwenye plagi ya klachi IKIWA IMECHOMEKWA. Ukichomoa plagi ukapima utapata volti nzuri ya kukudanganya, waya mbovu hauonekani mpaka ubebe mzigo. Ikipotea zaidi ya volti moja njiani, tafuta kutu kwenye plagi, swichi iliyoungua, rilei, au graundi mbovu. Kisha chomoa plagi upime ohm za koili. Nyingi zinacheza kati ya 2 na 4. Ikisoma haina mwisho, waya umekatika ndani. Karibu na sifuri, imepiga shoti na itakuwa inakuunguzia fyuzi. Ipime na ikiwa bado ya moto, nyingine zinakatika zikipata joto tu.

Nafasi: klachi nyingi zina nati tatu na vidirisha vitatu pembeni. Ingiza fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kwenye kidirisha, kati ya rota na sahani. Kipimo cha kitabu chako ndo sheria, lakini nyingi zinaangukia kati ya milimita 0.3 na 0.45. Kaza nati zote tatu kidogo kidogo kwa zamu mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo, ukimaliza moja kabisa ndo uende nyingine sahani itakaa upande. Usikaze kupita kiasi, sahani itasugua rota hata ikiwa imezimwa na visu vitachelewa kusimama, hapo umejitengenezea hatari. Washa na uzime mara kadhaa, pima tena madirisha yote matatu. Zako hazina nati? Baadhi zina shimu (kibati chembamba cha kujazia nafasi) ya kutoa chini ya bati la breki, na zilizobaki hazirekebishiki.

Kama umeme uko safi, nafasi umerekebisha, na bado inateleza, au ukichungulia nyuso zimelika mpaka basi, hapo nunua tu. Nenda na kipenyo cha shafti, kipenyo cha puli, upande inaozungukia na aina ya plagi, maana kwa macho zinafanana zote. Mpya ikishafungwa washa injini spidi ya kati, washa na uzime visu mara nyingi bila kukata nyasi ili nyuso zizoeane, kitabu kitakwambia mara ngapi, halafu rudi na fila upime nafasi mara moja tena.